Mwito wa Tatu

Tanuri lilikuwa linahema.

Sidsel alilisikia tangu kulipopambazuka. Alikuwa ameketi juu ya gogo, mikono kaificha kwapani, macho hayabanduki kwenye kile kichuguu cha mabonge ya majani na udongo. Chini yake vyungu vilikuwa vinaiva kwa moshi, vinageuka vyeusi. Moshi ulichungulia pembeni, ukarudi ndani, ukachungulia tena, kama pumzi za mtu aliyelala. Mara moja moja kitu kule ndani kililia *ting*, kama kucha inayogonga sahani. Marehemu mama yake alikuwa akisema kwamba hapo vyungu vinatajana majina. Sidsel hakupenda kulikumbuka neno hilo asubuhi kama ile.

Maana ukungu ulikuwa unakuja. Ulitokea upande wa kinamasi, mweupe, mzito, haukuwa na haraka. Ulimeza ukuta wa mawe. Ukameza kisima. Ukasimama hatua chache kutoka kwenye tanuri, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Kula," alisema mama mdogo Bodil, akimsogezea mkate mweusi uliopakwa mafuta ya nguruwe. "Ukianguka hapo, moto nitaulinda mimi na mgongo wangu huu?"

"Sina njaa, mama mdogo."

"Huna njaa kwa sababu leo ni leo. Unafikiri sijui? Gari la Mzee Jeppe linaondoka saa sita, na yule kijana yumo ndani yake. Wewe umekaa hapo umekodoa macho kama bundi."

Sidsel hakuyabandua macho yake. Alikuwa mtu wa kutazama kuliko kusema. Alitazama ubao mrefu uliolazwa ubavuni mwa tanuri kuzuia upepo, akausogeza kidogo kwa kiatu chake cha mbao ukae sawa. Kazi ya kuchoma vyungu ilikuwa hiyo tu: kuziba. Hewa ikiingia kabla ya wakati, weusi hukimbia na chungu hubaki chekundu kama kidonda. Hakuna mwanamke wa nyika ile anayepika kwa chungu chekundu. Kazi yote ya majira ya joto, mkate wao wa baridi yote, ulikuwa chini ya mabonge yale.

Lakini moyo haukuwa kwenye vyungu.

Laust alikuwa anakwenda Bara Hindi kuhubiri Injili. Alitaka aende na Sidsel, awe mke wake. Ila baba yake, Mzee Jeppe, mkuu wa nyumba ya sala, alikuwa ametamka mbele ya watu wote: "Mke wa mmisionari naye awe ameitwa. Asimame aseme kwa kinywa chake kwamba Mungu amemwita. Hatumvushi mtu bahari kwa sababu ana macho mazuri." Jumapili iliyopita Sidsel alisimama. Watu wakanyamaza, hata watoto. Akafungua kinywa. Akakifunga. Akakaa.

Viatu vya ngozi vilisikika kwenye kokoto. Bodil aligeuka, akaona ni nani, akakusanya sketi zake. "Mimi naingia ndani," alisema. "Macho yangu hayakuumbwa kutazama watu wanaagana."

Laust alisimama ng'ambo ya tanuri, koti lake jeusi la chuo limefungwa hadi shingoni. Moshi ulipita kati yao. Sidsel aliitazama mikono yake kwanza, kwa sababu usoni hakuthubutu.

"Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kuuliza mara ya mwisho."

"Si Jumapili uliniona?"

"Nilikuona. Kila mtu alikuona. Ulifungua mdomo kama samaki aliyetolewa majini."

Sidsel alicheka bila kupenda, naye akacheka. Macho yao yakagongana, na kicheko kikafa palepale. Laust alizunguka tanuri, akamshika mkono. Udongo ulikuwa umekaukia kwenye mikunjo ya vidole vyake. Laust akawa anaupangusa kwa kidole gumba, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

"Maneno machache tu, Sidsel. 'Bwana ameniita niende naye.' Baba ataridhika. Tutafungishwa ndoa mjini, tutapanda meli pamoja."

"Hajaniita."

"Unajuaje?"

"Ningesikia. Kazi yangu ni kusikiliza."

"Mimi nakuita. Haitoshi?"

Alimtazama sasa, usoni kabisa. Alimtazama mpaka macho yakamwuma. "Natamani itoshe," alisema. "Mungu anajua ninavyotamani. Lakini nikisimama niwaambie watu kwamba sauti yako ndiyo sauti yake, nitakuwa nimeolewa kwa uongo. Chungu kikiwa na punje moja ya chokaa ndani, Laust, hukioni. Kinang'aa kama wenzake. Siku ya moto kinapasuka, na kinamvunja jirani yake."

"Sisi ni udongo, yeye ni mfinyanzi," Laust alisema kwa sauti ya mimbarini. "Udongo haumwulizi mfinyanzi maswali."

"Nani kakwambia?"

"Imeandikwa."

"Aliyeandika alisimama mlangoni akitazama. Hakutia mkono. Udongo unauliza, bwana wee! Unauliza kutwa nzima. Ukiulazimisha leo, utakungoja motoni. Mama alinifundisha hivyo: ngoja udongo ukubali. Mungu ananingoja na mimi. Wewe huwezi kuningoja?"

"Meli haingoji."

Laust aliuachia mkono wake. Baridi iliingia pale palipokuwa na joto lake.

"Nadhani unaogopa tu," Laust alisema, na uchungu ukaanza kumpanda. "Ninyi wa nyikani mnaogopa hata majina yenu wenyewe. Mtu akiitwa ukunguni haitiki mpaka aitwe mara tatu! Ati kifo kinaita mara mbili tu. Mimi nimekaa chuoni Kopenhagen miaka minne, hayo nimeyaacha hukohuko. Mkristo haitiki kwa kuhesabu."

"Mama yangu hakuhesabu," Sidsel alisema polepole. "Aliitwa mara mbili, akaitika. Yuko wapi?"

Laust aliinamisha kichwa. Wote wawili walijua. Vuli mbili zilikuwa zimepita tangu Karen, mama yake Sidsel, aingie ukunguni. Kinamasi kilirudisha kiatu kimoja cha mbao. Yeye mwenyewe hakikumrudisha mpaka leo.

"Nisamehe," alinong'ona. "Kwa heri, Sidsel."

Aligeuka. Hatua tano, na ukungu ukamfunga kama mlango. Sidsel alisikia viatu vya ngozi kwenye kokoto, halafu kwenye majani, halafu hakusikia kitu. Alitia mkono kwenye mfuko wa aproni, akalishika jiwe la mama yake, lile la kung'arishia vyungu, laini kama yai. Jiwe lilikuwa la moto. Akajiambia ni joto la tanuri. Lakini mfuko wenyewe ulikuwa wa baridi.

*Ting*, kikalia chungu.

Bodil alitoka, akaketi karibu naye, akamzungushia shali. Ukungu sasa ulikuwa umewafika magotini.

Ndipo ikaja sauti.

"Siiidsel."

Ilitoka upande wa kinamasi. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, maana ukungu hunyonya sauti ukaacha mifupa yake tu. Sidsel alikwisha kunyanyuka. Bodil alimdaka mkono, kucha zikazama.

"Usiitike!"

"Kuna mtu kule."

"Kule hakuna njia. Mtu atafuata nini? Nyamaza, mwanangu. Hesabu."

Wakangoja. Tanuri lenyewe lilikuwa kama limezuia pumzi.

"Sidsel."

Safari hii ilikuwa karibu. Ilikuwa ya chini, ya upole, kama mtu anayemwamsha mtoto bila kutaka kumshtua. Nywele za shingoni zilimsimama. Kuna mtu mmoja tu duniani aliyekuwa akimwamsha namna ile.

"Umesikia, mama mdogo? Umesikia ilivyo?"

Bodil alikuwa ameziba masikio. "Ngoja wa tatu," alisema, meno yakigongana. "Ngoja wa tatu, ngoja wa tatu."

Walingoja. Mwito wa tatu haukuja. Ukungu ulilala juu ya nyika kama shuka juu ya maiti, na hakuna unyasi uliotikisika.

"Umeona?" Bodil alisema. "Mara mbili tu. Ni kifo chenyewe. Kimekuja kukuchukua kama kilivyomchukua Karen. Kaa hapa, tuombe."

Sidsel hakukaa. Alikuwa anamtazama mama yake mdogo, kama alivyozoea kutazama udongo kabla ya kuugusa. Aliona jasho juu ya mdomo, kwenye baridi ile. Aliona kwamba macho ya Bodil hayakuelekea kinamasi. Yalielekea chini, kwenye mikono yake mwenyewe.

"Mama mdogo. Siku ile mama alipopotea uliniambia ulikuwa umelala ndani ulipousikia mwito."

"Ndiyo."

"Mbona sketi yako ilikuwa imeanikwa mekoni, inachuruzika maji meusi? Niliiona. Sikuuliza."

Bodil alifungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa neno. Kilikuwa mlio, kama wa mnyama mdogo.

"Ni mimi niliyemwita," alisema. "Ni mimi, Sidsel! Nilikuwa nimetoka kuchimba mboji ya kuchochea moto, ukungu ukanikuta, nikazama. Niliita dada yangu mara mbili. Mara ya tatu sikuweza. Maji yalikuwa yamefika hapa." Alijishika kidevu. "Akaja. Hakungoja. Akanivuta, akanisukuma kwenye nchi kavu, na alipokuwa anapanda yeye, ukingo ukamomonyoka. Nilishika kiatu. Nilikishika kweli kweli! Kikabaki mkononi mwangu. Kisha nikaja nyumbani na kuwaambia watu kwamba ameitwa na kifo, ili nisiseme kwamba ameitwa na mimi."

Sidsel alisimama kama aliyemwagiwa maji. Hasira ilimjia, ikapanda hadi kooni. Lakini ilipofika kooni ikakuta kitu kingine kimetangulia.

Mara ya tatu sikuweza.

"Aliyeita ni Laust. Amekatiza kinamasini," alisema.

Ng'ambo ya kisima kulikuwa na ngazi ya zamani, imeoza. Ubao mzima wa kubeba mtu ulikuwa mmoja tu pale nyumbani. Sidsel aliinama, akaushika kwa mikono miwili, akaung'oa ubavuni mwa tanuri.

"Vyungu!" Bodil alipiga kelele. "Sidsel, ni chakula chetu hicho!"

Mabonge yaliporomoka. Hewa iliingia, na tanuri likavuta pumzi moja ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Miali ikachomoza. Sidsel hakugeuka kuitazama. Alikuwa ameshaingia ukunguni, ubao begani, akipaza sauti ambayo hakujua kama anayo.

"Mimi hapa! Nakuja! Mimi hapa!"

Hakuna aliyemjibu. Hatua ishirini, hakuona tena nyumba. Hatua arobaini, hakujua kulia ni wapi na kushoto ni wapi. Ardhi ilianza kutikisika chini ya viatu vyake vya mbao, kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Alisimama. Akiendelea bila kujua, watazama wawili.

"Bwana," alisema, na lilikuwa ombi lake lote. "Nimeitika. Sasa nipeleke."

Kimya. Kisha, mbele yake kidogo, alisikia.

*Kss. Kss. Kss.*

Aliijua sauti ile kabla hajajua kuongea. Ni jiwe likisugua tumbo la chungu kikavu, polepole, kwa mikono ya mtu asiye na haraka. Alishika mfuko wa aproni. Jiwe lilikuwamo, limetulia, sasa la baridi kama barafu.

*Kss. Kss.*

Aliifuata. Iliposogea kulia, alikwenda kulia. Iliponyamaza, alisimama, na mguu uliokuwa hewani akaurudisha. Iliendelea, akaendelea. Kisha ikanyamaza moja kwa moja, naye akaona mbele ya vidole vyake ukingo wa shimo jipya la mboji. Katika maji meusi kulikuwa na uso mweupe umeelekea juu, na mikono miwili imeshika kichaka cha nyasi.

"Laust!"

Midomo ilitikisika. Sauti haikutoka.

Alilaza ubao, akajilaza kifudifudi juu yake, akatambaa. Ubao ulilalamika. Alimshika kola, kisha kwapani. "Usinivute," alimwambia. "Wewe lala. Lala tu kama mkate. Mimi ndiye mvutaji." Mikono iliyokuwa ikikanda udongo tangu utoto ilivuta. Kinamasi kilivuta nacho. Kwa muda mrefu hakuna aliyeshinda. Halafu kitu kule chini kiliachia, si kwa kung'ang'ania, bali kwa upole, kama mtu anayekabidhi. Laust akaja juu, akaangukia ubao, akatapika maji meusi.

Walilala kwenye nyasi, shavu kwa shavu, wanatetemeka. Sidsel alimfunika kwa mwili wake wote, wala hakufikiria watu watasema nini.

"Kidogo nichelewe," alilia kifuani mwake. "Nilikaa nahesabu, Laust. Nilikuwa nangoja uniite mara ya tatu."

"Ya tatu?" Laust alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Niliita mara moja. Nilipofungua mdomo tena, maji yaliingia."

Sidsel aliinua kichwa.

"Mara mbili," alisema. "Ya pili ilikuwa karibu."

"Mara moja, mpenzi wangu. Nakuapia." Alinyamaza akipumua. Kisha akasema chini zaidi, "Na kuna jambo jingine. Nilikuwa nimeshazama hadi puani. Halafu nikakanyaga kitu. Kilikuwa kimesimama. Kilikuwa kama mabega."

"Mzizi," Sidsel alisema.

"Mzizi," Laust alikubali. Hawakuamini, yeye wala Sidsel.

Kiatu chake cha ngozi cha mguu wa kushoto kilikuwa kimebaki kinamasini. Badala yake, kwenye vidole vya mguu kulikuwa kumenasa kiatu cha mbao, cheusi kama kimechomwa tanurini. Sidsel alikichukua. Alifuta matope kwa aproni. Kwenye kisigino kulikuwa na mikato miwili ya kisu, alama ileile ambayo Karen alikuwa akiitia ndani ya kila chungu chake.

Hakulia. Alikiweka kifuani, akageukia yale maji. "Asante, mama," alisema. "Sasa lala."

Waliporudi, ukungu ulikuwa unaondoka kwa upole uleule uliokuja nao. Gari la farasi lilikuwa limesimama uani. Mzee Jeppe alikuwa amesimama kando yake, saa mkononi, ndevu zikimtetemeka kwa hasira. Bodil alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, usoni masizi na machozi. Ilionekana kwamba alikuwa ameshaungama habari za Karen, na kwamba mzee alikuwa ameshasikia.

"Ulikuwa wapi na mwanangu?" Mzee Jeppe alianza. Kisha akamwona Laust alivyo, mweusi kuanzia shingo hadi miguuni, mguu mmoja wazi. Saa ikashuka.

"Kinamasini, baba. Nilikatiza."

"Umekulia hapa, ukakatiza ukunguni? Ndiyo elimu hiyo?" Sauti ilimkatika. Alimgeukia Sidsel. "Na wewe, nani alikwambia yuko kule?"

"Niliitwa, mzee."

"Nani alikuita?"

"Sikuuliza. Niliitika."

"Mwulize aliitwa mara ngapi, baba," Laust alisema. "Maana mimi niliita mara moja tu, naye amesikia mbili."

Mzee Jeppe alifungua kinywa cha mhubiri, lakini aliyezungumza hakuwa mhubiri. Alikuwa mtoto wa nyika ile, aliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo kama wao. Alikitazama kiatu cha mbao mkononi mwa Sidsel. Alikitazama kisigino chake. Polepole akavua kofia, akakigeukia kinamasi, akasimama hivyo mpaka farasi akapiga kwato kwa kuchoka.

"Jumapili nilitaka ushuhuda," alisema mwishowe. "Naona Mungu hakutaka utolewe ndani ya nyumba." Akairudisha saa mfukoni. "Meli ziko nyingi. Mvueni huyo nguo kabla hajafa kwa baridi."

Sidsel alimwendea Bodil, akapiga magoti majivuni karibu naye. Kwa muda hakuna aliyejua atafanya nini. Kisha akamwekea kile kiatu mapajani.

"Sasa viko viwili, mama mdogo," alisema. "Viweke pamoja."

Bodil alikikumbatia, akalia mpaka mabega yakachoka. Alipoweza kusema, alionyesha kidole. "Vyungu, mwanangu. Vyote vyekundu."

Vilikuwa vimejipanga pale wazi, vinatoa moshi mwembamba, vyekundu kama mashavu ya watoto wanaotoka kucheza kwenye theluji.

"Vimepasuka?"

"Hata kimoja. Nimevigonga vyote."

Sidsel alikiinua kimoja, akakigonga kwa ukucha. *Ting*. Kililia vizuri kuliko cheusi chochote alichowahi kufinyanga.

"Basi vimekubali," alisema. "Sivyo nilivyotaka mimi, lakini vimekubali."

Alisikia kwamba Laust yuko nyuma yake. Hakugeuka. Kinywa kilichofungwa Jumapili ile kilifunguka chenyewe.

"Laust," alisema. "Ulisema umekuja kuuliza mara ya mwisho. Mimi nasema uulize tena. Usinihubirie. Niite tu."

Ukungu ulikuwa umebaki kamba nyembamba tu juu ya kinamasi.

"Sidsel," aliita.

Bodil, kwa mazoea, alianza kuhesabu kwa vidole.

"Mimi hapa," Sidsel alisema, kabla mama mdogo hajakunja kidole cha kwanza.